Kamera yenye Kioo au Isiyo na Kioo? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Mwaka jana binamu yangu aliamua kuachana na picha za simu na kununua kamera ya kweli. Alikuwa ameweka akiba kwenye simu kwa mwaka mmoja na nusu. Mia mbili leo, mia tano kesho, wiki nyingine hakuna kitu. Pesa zilipotimia akanunua kamera ndogo isiyo na kioo, mpya kabisa, bado iko kwenye boksi. Akiba yote ikaishia hapo.

Wiki tatu baadaye akapata harusi yake ya kwanza, pale Nakuru. Kanisani mambo yalienda sawa. Kufika kwenye ukumbi wa sherehe, taa zilikuwa hafifu na picha zikaanza kutoka na chengachenga kama mchanga. Ilipofika saa ya kukata keki, betri ikazima. Alikuwa na moja tu.

Bwana harusi alikuwa ametuma nusu ya malipo mapema. Nusu ya pili haikuja. Ukiniuliza, simlaumu bwana harusi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kamera yenyewe haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba binamu yangu alilinganisha kamera na kamera, badala ya kulinganisha kamera na kazi anayotaka imlipe. Wateja wengi wanatuuliza kuhusu kulipia vifaa vya biashara, na kamera ni mojawapo ya vile vinavyomeza akiba ya mtu kwa siku moja. Kwa hivyo leo tuongee polepole: aina hizi mbili zinatofautiana vipi, ni ipi inafaa kazi yako, na ukishaamua, unalipa vipi bila kulia.

Tofauti ni nini hasa?

Kamera ya DSLR ina kioo kidogo ndani yake, nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia unagonga kile kioo, unapanda juu, unapinda na kutokea kwenye kitundu unachochungulia kwa jicho. Unachokiona ni mwanga wenyewe, kama vile unaangalia dirishani. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita hadi kwenye sensa, picha inachukuliwa, kioo kinarudi chini. Ule mlio wa "kla-klak" unaousikia kwenye harusi, sehemu yake ni kioo hicho.

Kamera isiyo na kioo, ambayo dukani utasikia ikiitwa mirrorless, imeondoa hicho kifaa chote. Mwanga unaingia moja kwa moja hadi kwenye sensa. Sensa inatuma picha kwenye skrini ya nyuma, au kwenye skrini ndogo sana iliyo ndani ya kitundu cha kuchungulia. Yaani unaangalia televisheni ndogo. Faida yake ni kwamba unaona picha itakavyotoka kabla ya kubonyeza. Kama itakuwa nyeusi sana, unajua mapema na unarekebisha.

Kutoka hapo tofauti nyingine zote zinafuata. Bila kioo, mwili wa kamera unaweza kuwa mwembamba. Bila kioo, kamera inaweza kupiga kimya kabisa. Lakini bila kioo, sensa na skrini zinafanya kazi muda wote kamera ikiwa imewaka, na betri inaisha haraka.

Ubora wa picha yenyewe je? Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapodanganywa. Kioo hakiongezi wala kupunguza ubora wa picha. Sensa za ukubwa mmoja na za miaka inayokaribiana zitakupa picha zinazofanana, kuwe na kioo au kusiwe. Mteja wako akiangalia albamu hatajua ulitumia gani.

Kwa nini DSLR zilizotumika ni nyingi siku hizi

Kamera ya kwanza ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo ilikuwa Panasonic Lumix G1, ya mwaka 2008. Sony wakaingia mwaka 2010. Kwa miaka kadhaa wapiga picha wa kazi waliziona kama vitu vya kuchezea. Mambo yaligeuka mwaka 2018, Canon na Nikon, ambao ndio wakubwa wa DSLR, walipotoa kamera zao kubwa zisizo na kioo: EOS R upande wa Canon, Z6 na Z7 upande wa Nikon. DSLR zao za mwisho za kiwango cha juu kabisa, EOS-1D X Mark III na D6, zilitoka mwaka 2020. Baada ya hapo pesa na akili za kampuni hizo zimeelekezwa upande ule mwingine.

Kwako wewe mnunuzi hii ina maana mbili. Ya kwanza, wapiga picha wengi wa nje na wa hapa wanahama, na wanapohama wanauza. Kamera ambazo zamani zilikuwa za mabosi wa harusi sasa unazipata kwa bei ya mtu anayeanza. Ya pili, usitarajie lenzi mpya nyingi za DSLR. Zilizopo zitakutumikia kwa miaka, na ziko tele, lakini hadithi ya mbele inaandikwa upande wa zisizo na kioo.

Kwa hivyo swali si "ipi ni ya kisasa?" Hilo lina jibu rahisi. Swali ni ipi itakurudishia pesa zako.

Anza na kazi, si na kamera

*Unapiga harusi, ruracio, mahafali na mazishi, picha za kawaida tu.* DSLR iliyotumika bado inakutosha kabisa. Betri inadumu, flashi za bei nafuu ziko nyingi, na lenzi ziko kila mahali. Ukiharibikiwa Jumamosi asubuhi, kuna uwezekano mkubwa rafiki yako ana ya kukuazima inayoingiliana na yako.

*Unapiga video: YouTube, TikTok, matangazo ya biashara ndogo, ibada za kanisa.* Hapa isiyo na kioo inashinda. Inafuata uso na jicho la mtu anayetembea, na unaona video kwenye kitundu cha kuchungulia wakati unarekodi. DSLR ikirekodi video lazima iinue kioo, kwa hivyo kile kitundu kinakuwa giza na unabaki na skrini ya nyuma tu, kwenye jua kali la saa saba. Zipo DSLR chache zinazofanya video vizuri, kama Canon 80D ya mwaka 2016 ambayo inafuata uso wakati wa kurekodi, lakini lazima uzitafute kwa jina.

Ukinunua kwa ajili ya video, angalia tundu la maikrofoni kabla ya kitu kingine. Canon 2000D na Nikon D3500 ni DSLR za kuanzia zinazopendwa sana, na zote mbili hazina. Lakini usifikiri isiyo na kioo inakuokoa moja kwa moja, maana Sony A6000 nayo haina. Sauti mbaya inafukuza mtazamaji haraka kuliko picha mbaya. Halafu ile "4K" iliyoandikwa kwenye boksi nayo iulize maswali. Canon M50, kwa mfano, ina 4K, lakini ukiiwasha picha inakatwa pembeni na ule uwezo mzuri wa kufuata uso unapungua. Wengi wanaishia kuitumia kwa video ya kawaida ya HD. Na kama unarekodi ibada ya saa mbili, uliza inarekodi dakika ngapi bila kukatika. Kamera nyingi za zamani zinajizima zikikaribia dakika 30.

*Unapiga bidhaa: viatu, keki, nguo za kuuza mtandaoni.* Yoyote itafanya. Bidhaa haikimbii. Weka pesa kwenye taa mbili, kitambaa cheupe na stendi. Kama simu yako ni nzuri, pengine hata huhitaji kamera kwa sasa, na hiyo ni akiba umeiokoa.

*Unapiga picha za pasipoti na studio ya mtaani.* DSLR ya zamani na flashi. Usijisumbue zaidi.

*Unapiga mahali pa ukimya: kanisani, mahakamani, mikutanoni, mtoto mchanga akilala.* Isiyo na kioo, kwa sababu ya kupiga kimya. Angalizo moja: ukipiga kimya chini ya taa za LED, mara nyingine picha inatoka na mistari myeusi iliyolala. Jaribu kabla ya siku yenyewe.

Mambo matatu ambayo boksi halikuambii

*Betri.* Makampuni yanapima idadi ya picha kwa betri moja kwa kipimo kinachofanana, kwa hivyo tunaweza kulinganisha. Nikon D3500 inapewa picha 1,550. Canon 250D inapewa 1,070 ukitumia kitundu cha kuchungulia. Njoo upande wa pili: Canon M50 inapewa 235, Sony A6000 kama 360, Sony A7 III ambayo ni kubwa zaidi inapewa 710 ukitumia skrini ya nyuma. Kwenye kazi halisi ukipiga mfululizo utapata zaidi ya hapo kwa kamera zote, lakini pengo linabaki. Ukinunua isiyo na kioo, betri moja si kamera kamili. Hesabu tatu. Nyingi za kisasa unaweza kuzichaji kwa pawabenki, na hilo linasaidia sana stima ikipotea.

*Uzito.* Watu wanasema zisizo na kioo ni nyepesi. Ni kweli nusu. Canon 80D ina gramu 730, Sony A6000 gramu 344. Hapo tofauti unaisikia shingoni. Lakini Nikon D3500, ambayo ni DSLR, ina gramu 415, na Canon R50 isiyo na kioo ina 375. Hiyo ni tofauti ya yai moja hivi. Na ukishaweka lenzi kubwa, mchezo unaisha: lenzi ya Canon ya 70-200 yenye f/2.8 kwa ajili ya DSLR na ile ya kwanza ya Sony ya aina hiyo kwa kamera zisizo na kioo, zote zina karibu kilo moja na nusu.

*Vumbi.* Ukitoa lenzi kwenye DSLR, kioo na shata vinasimama mbele ya sensa. Kwenye nyingi zisizo na kioo, ukitoa lenzi sensa iko wazi, inakuangalia. Kama kazi zako ni za Kajiado, Narok au Turkana kwenye upepo, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, badilisha lenzi ndani ya gari. Ikiwezekana, usibadilishe kabisa.

Lenzi ndiyo ndoa yenyewe

Mwili wa kamera utaubadilisha baada ya miaka mitatu au minne. Lenzi utakaa nazo. Na kila kampuni ina namna yake ya kufunga lenzi, kwa hivyo siku unanunua mwili umechagua pia ukoo wa lenzi utakazonunua kesho.

Habari njema kwa wa DSLR: lenzi zako hazitakufa. Kamera isiyo na kioo ni nyembamba, kwa hivyo kunabaki nafasi ya kuweka pete katikati, yaani adapta, na lenzi ya zamani ikafanya kazi. Lenzi za Canon za EF, ambazo zilianza mwaka 1987, zinaingia kwenye kamera mpya za R kwa adapta ya Canon na zinafanya kazi vizuri sana. Nikon nao wana adapta yao ya FTZ, ila uwe makini: lenzi za zamani zinazotegemea mota ya ndani ya kamera, zile zilizoandikwa AF-D, zitaingia lakini itabidi uzungushe kwa mkono ili picha ishike. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi ya isiyo na kioo huwezi kuitumia kwenye DSLR.

Sasa onyo. Canon M50 na ndugu zake wote wa M ni kamera utakazokutana nazo sana kwa waliotumia, na bei inavutia. Lakini Canon walisimamisha ukoo huo mwaka 2023, na lenzi zake za EF-M haziingii kwenye kamera mpya za R, hata kwa adapta. Hiyo haimaanishi usinunue. Kwa mtu wa YouTube mwenye lenzi moja, ni kamera tamu. Ila usianze kukusanya lenzi za EF-M ukidhani utahama nazo. Ukitaka kukua, nunua lenzi za EF na uzitumie kwenye M kwa adapta. Hizo zitakuvusha.

Upande wa Sony, faida kubwa ni kwamba kampuni nyingine kama Sigma na Tamron zimetengeneza lenzi za kamera zao kwa miaka mingi, kwa hivyo una mahali pa kuchagua kulingana na mfuko. Kwa Canon R, kampuni hizo mbili zilianza kutangaza lenzi zao mwaka 2024 tu, na za kamera za sensa ndogo.

Gawanya pesa kabla hujaingia dukani

Hapa ndipo binamu yangu alipoteleza. Hebu tuchukue mfano wa bajeti ya shilingi 80,000. Si bei ya duka lolote, ni hesabu ya kukuonyesha njia tu:

- Mwili na lenzi yake ya kawaida: isizidi 45,000
- Lenzi ya pili ya 50mm f/1.8: 12,000
- Flashi: 8,000
- Betri za akiba na memori kadi mbili: 8,000
- Begi na kusafishia: 3,000
- Inayobaki, 4,000: dharura na nauli

Kwa nini nasisitiza ile 50mm f/1.8? Ile lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, inafika f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha safi na zile chengachenga. Lenzi hii ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa kwa Canon na Nikon za DSLR, na zilizotumika zimejaa. Kwa ukoo wa isiyo na kioo, uliza bei yake kwanza kabla ya kuupenda mwili.

Ukifanya hesabu hii na kuona kwamba kamera unayoitaka inakula 75,000 kati ya 80,000, hiyo kamera bado si yako. Shuka ngazi moja. Mwili wa bei nafuu wenye lenzi nzuri, betri tatu na flashi utakutengenezea pesa kuliko mwili mzuri uliokaa peke yake.

Na neno moja kuhusu mkopo wa simu. Mkopo wa siku 30 umeundwa kuziba pengo dogo: stoki ya wiki, nauli, tokeni za stima. Kamera inachukua miezi kujilipa. Ukichanganya hivyo viwili, tarehe ya kulipa itafika kabla ya harusi ya pili. Afadhali chama, Sacco, au uendelee kuweka akiba na ukodi kamera ya mtu kwa kazi mojamoja. Kukodi pia ni njia nzuri ya kuijaribu aina fulani kabla ya kununua.

Ukinunua iliyotumika, angalia haya

1. *Idadi ya mipigo ya shata.* Shata ni kama injini ya gari, ina kilomita zake. Canon 80D imekadiriwa mipigo 100,000, na 5D Mark IV mipigo 150,000. Kwa Nikon nyingi unaipata namba hiyo ndani ya faili la picha. Kwa Canon nyingi unahitaji programu ya kompyuta. Muuzaji akikataa kukuonyesha, nawe punguza bei au uondoke.
2. *Sensa.* Funga lenzi hadi f/16, piga anga jeupe. Madoa meusi ni vumbi, linasafishika. Mstari au mkwaruzo hausafishiki.
3. *Ukungu ndani ya lenzi.* Hasa ikiwa ilikaa Mombasa, Kilifi au Lamu. Washa tochi ya simu, angalia kupitia kioo cha lenzi. Ukiona nyuzi kama za buibui, iache.
4. *Milango ya betri, kadi, chaja na maikrofoni.* Chomeka kila kitu, usiulize tu.
5. *Flashi.* Beba flashi yako au omba ya duka. Si kila kamera ndogo mpya inakubali flashi za zamani.
6. *Namba ya kamera na risiti.* Namba iliyo chini ya kamera ifanane na ya boksi na iandikwe kwenye risiti. Kamera isiyo na karatasi yoyote inaweza kuwa imeibwa, na mwenyewe akiitambua utapoteza kamera na pesa pamoja.

Kulipa bila kujuta

Sasa umefika dukani, pengine Luthuli au Kimathi Street, au umeona tangazo mtandaoni. Haya ni yetu, kwa hivyo niyaseme waziwazi.

*Usitume pesa ya "kushikiliwa" kwa mtu usiyemjua.* Ujumbe ni ule ule kila siku: "Kuna mteja mwingine anakuja, tuma 5,000 nikuwekee." Kamera za aina yako ziko nyingi. Ikienda, nyingine itakuja.

*Kutana mahali pa watu, mchana, na ujaribu kamera kwanza.* Beba memori kadi yako, piga picha 50, uzitazame kwenye simu au kompyuta. Lipa baada ya hapo.

*Lipa kwa Till au Paybill ya duka, si kwa namba ya simu ya mhudumu.* Ukiambiwa "ile Till iko na shida leo, tuma kwa hii yangu," subiri ipone au nenda duka la jirani. Ukilipa kwa namba ya mtu binafsi, siku ya waranti duka litasema halikujui.

*Soma jina kabla ya kuweka PIN.* Jina linalojitokeza lilingane na la duka au la mtu uliyekutana naye. Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, lakini usiitegemee kama mpango: mpokeaji akishatoa au kutumia pesa, kuzirudisha kunakuwa kugumu.

*Angalia kiwango cha juu cha muamala mmoja mapema.* Kwa kamera kubwa, usigundue kwenye kaunta kwamba kiasi kimepita.

*Hifadhi ujumbe wa malipo* pamoja na risiti ya duka. Piga picha zote mbili, ujitumie kwa barua pepe.

Na wewe unayeuza kamera yako ya zamani ili uhame: usitoe kamera kwa sababu umeonyeshwa SMS. Ujumbe bandia unatengenezwa kwa dakika mbili. Fungua akaunti yako mwenyewe, angalia salio, ndipo uachilie mkono.

Binamu yangu je?

Baada ya ile harusi alitaka kuuza kamera, tena kwa hasara. Kuna mzee wa studio mtaani kwao ambaye amepiga harusi tangu enzi za filamu. Alimwambia, "Kijana wangu, usiuze. Kamera yako haina makosa, iko njaa tu." Akamkopesha DSLR yake ya zamani na flashi kwa miezi miwili, naye akawa anamsaidia kubeba taa Jumamosi.

Kwa pesa za mahafali mawili binamu alinunua betri mbili. Kwa harusi ndogo iliyofuata akanunua lenzi ya f/1.8. Leo anatumia kamera yake isiyo na kioo kwa video na kanisani, na kwa picha za usiku anakodi DSLR ya yule mzee mpaka atakapopata flashi yake. Pia anamwomba kila mteja nusu ya malipo kabla na nusu baada ya kuona picha, kwa maandishi.

Kwa hivyo, kama kazi yako ni picha za sherehe na mfuko ni mwembamba, usione aibu kununua DSLR iliyotumika ukaizungushia lenzi na flashi nzuri. Kama kazi yako ni video, au unajenga kwa miaka kumi ijayo na una uwezo wa betri na lenzi zake, chukua isiyo na kioo. Kama bado hujui kazi yako ni ipi, usinunue mwezi huu. Kodi, jaribu, endelea kuweka akiba.

Na kama kawaida: PIN yako ni yako peke yako. Hakuna mfanyakazi wetu, wala muuzaji wa kamera, atakayekuwa na sababu ya kuiuliza.